Mnahamia Uingereza, mmoja mkimbiaji, mwingine wa netiboli: mkae wapi?

Barua ya wiki hii imetoka Arusha. Nimeifupisha na kuondoa mambo ambayo yangemfanya jirani amtambue mwandishi, lakini maneno ni yake.

“Shikamoo anti. Mimi ni muuguzi, nina miaka 31, nimeolewa miaka minne sasa na bado hatujapata mtoto. Nimefaulu mtihani wa kwanza wa usajili wa wauguzi wa Uingereza, ule wa pili wa vitendo nitaufanyia huko huko. Nimepata barua mbili za kazi, moja London na moja Sheffield. Nimeomba pia Edinburgh, sijajibiwa. Tatizo, sisi wote ni watu wa michezo. Mimi nacheza netiboli tangu shule ya msingi, ni mfungaji, na mwaka huu nimeanza kujifunza kuogelea. Mume wangu ni mkimbiaji na anafundisha vijana mbio, ndiyo kazi inayomwingizia kipato. Ndugu zangu wako London, wanasema nikienda Sheffield nimejipeleka kijijini. Mume wangu anasema London hakanyagi, mtu hawezi kukimbia katikati ya magari. Yeye anataka Scotland, ameona milima kwenye televisheni. Mama mkwe naye anasema namchukua mwanawe nikamfanye mwosha wazee. Siku hizi hata chakula tunakula kimya. Anti, tukae wapi? Na je, vifaa vyetu vya michezo tubebe au tununue huko?”

Marahaba, mwanangu. Barua za watu wanaohamia nje huja hapa mara kwa mara, na karibu zote huuliza mshahara, viza na shule za watoto. Ni nadra mtu kuuliza atachezea wapi. Najua kuna wasomaji watakaosema hiyo ni anasa, kwamba mtu aliyepata kazi Ulaya aanze kuchagua viwanja. Mimi sioni hivyo. Mwanamume aliyezoea kuamka alfajiri na kukimbia siku sita kwa wiki, ukimpeleka mahali asipoweza kukimbia, baada ya miezi mitatu utaishi na mtu mwingine kabisa. Halafu ugenini hakuna jirani wa kukugongea mlango akuletee mandazi. Uwanja ni mahali pachache ambapo mgeni anakaribishwa bila kualikwa kwanza.

Swali lako umeliuliza kama la jiografia, na nitalijibu hivyo. Lakini kuna jambo la sheria linalotangulia, kwa sababu katika barua yako yote hakuna dalili kwamba mmoja wenu analijua.

Wewe utaingia kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi upande wa afya. Mumeo ataingia kama mtegemezi wako. Kanuni za uhamiaji za Uingereza zinampa mtegemezi uhuru mkubwa: anaweza kuajiriwa karibu kazi yoyote, anaweza hata kujiajiri, bila kuhitaji mdhamini wake mwenyewe. Ila wameweka katazo moja. Haruhusiwi kuajiriwa kama mwanamichezo wa kulipwa, na ukocha wa michezo umetajwa humo humo. Yaani katika kazi zote zilizopo katika nchi ile, aliyofungiwa mumeo ni ile moja anayoiweza zaidi na ambayo leo inamlisha.

Kukimbia mwenyewe kwa kujifurahisha hakuna tatizo. Kujiunga na klabu na kushiriki mashindano kama mwanachama wa kawaida hakuna tatizo. Penye utata ni pale atakapotaka kusimama pembeni ya uwanja na saa mkononi, hata kama halipwi, au atakaposhinda mbio zenye zawadi ya fedha. Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo aulize mshauri wa uhamiaji anayetambuliwa kisheria, asiulize kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa kule, ambako kila mtu ana shemeji aliyewahi kufanya na hakukamatwa.

Mwambie leo, kabla hujasaini barua yoyote. Umeandika kwamba hataki London kana kwamba ni ukaidi tu. Huenda ni ukaidi. Lakini huyu ni mtu unayemwomba aache vijana wake, jina lake na kipato chake akakufuate wewe, na akifika uwanja wa ndege wa kule atakuwa mume wa muuguzi. Akija kuligundua katazo hili mwezi wa pili baada ya kufika, atadhani ulilijua ukamficha. Na mama mkwe atakuwa amepata ushahidi.

Kuhusu kuosha wazee: ni kazi halali, inahitaji moyo, na nawafahamu wanaume wanaoifanya kwa heshima. Iwe ameichagua yeye. Kuna kazi nyingine pia zilizo karibu na michezo bila kuwa ukocha, kama mapokezi katika vituo vya michezo vya halmashauri, kutunza viwanja au kuwa mwokoaji kwenye bwawa akishapata cheti chake. Kama ana cheti cha ualimu, nayo ni njia, yenye masharti yake. Scotland kwa mfano mwalimu wa shule za serikali lazima asajiliwe na General Teaching Council for Scotland kwanza, wakati England utaratibu ni mwingine. Hilo peke yake ni sababu ya kuulizia mapema kabla hajaipenda milima ya kwenye televisheni.

Haya, sasa jiografia.

Katika uhamisho wenu kuna kitu kigumu kubadilika na kuna kitu chepesi. Kigumu ni mwajiri. Viza yako imefungwa kwake, na ukitaka kuhamia hospitali ya mwajiri mwingine ni lazima upate udhamini mpya na uombe viza upya. Chepesi ni nyumba. Kwa hiyo mji mtauchagua sasa, mara moja, mkiwa Arusha, kwa karatasi. Mtaa mtauchagua mkishafika, na mkikosea mtahama. Watu wengi hufanya kinyume: huhangaikia picha za nyumba kwenye simu usiku kucha, na barua ya kazi huisaini kwa dakika tano.

Fedha nitazipitia haraka kwa sababu wewe ni muuguzi na umekwisha kupiga hesabu. Mshahara wa muuguzi mpya wa NHS katika England ni ngazi moja kila mji, ile wanayoiita Band 5. London ndiyo yenye nyongeza, asilimia 20 kwa London ya ndani na 15 kwa ya nje, kukiwa na kiwango cha chini na cha juu. Nyongeza hiyo huwavutia sana watu walio mbali. Ukishafika, mwenye nyumba anaichukua yote na kuongeza kidogo kutoka mfukoni mwako, kwani kodi ya chumba kimoja London inaweza kukupatia nyumba ya vyumba viwili Sheffield. Scotland ina viwango vyake vya mshahara, na katika miaka ya karibuni vimekuwa juu kidogo ya vya England, ingawa Edinburgh nayo kodi si ya mchezo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wa michezo kutoka kwetu hawalipimi. Wote wanauliza mvua na baridi. Mvua ya Uingereza imesingiziwa. London kwa mwaka hupata takribani milimita 600, Dar es Salaam hupita 1,000. Tofauti ni kwamba yetu inamwagika na kwisha, yao inanyunyiza wiki nzima. Mkimbiaji wa Arusha aliyezoea masika ataizoea hiyo kwa mwezi mmoja. Baridi nayo ina nguo zake. Giza ndilo halina dawa.

Sisi tumezaliwa karibu na mstari wa Ikweta, jua letu ni mwajiriwa mtiifu, linaingia kazini saa kumi na mbili na ushee na kutoka saa kumi na mbili na ushee mwaka mzima. Kule katikati ya Desemba, London jua huchomoza kama saa mbili na dakika tano asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Sheffield huchomoza kama saa mbili na robo. Edinburgh ni saa tatu kasorobo asubuhi, na saa kumi kasoro dakika ishirini jioni limekwisha zama. Wewe zamu yako ndefu itaanza saa moja na nusu asubuhi na kumalizika saa mbili usiku. Siku ya zamu hutaliona jua kabisa isipokuwa dirishani mwa wodi. Mumeo akipata kazi ya mchana, mazoezi yake yote ya katikati ya wiki kuanzia Novemba hadi Februari atayafanya gizani.

Kwa hiyo msipime mji kwa picha za Julai. Julai kila mahali ni pazuri, Edinburgh mtu anakimbia saa nne usiku na bado kuna mwanga. Pimeni kwa Jumanne ya Januari. Mumeo ametoka kazini saa kumi na moja jioni, giza totoro, barabara imelowa. Wewe uko mapumziko na una mechi ya ligi saa moja na nusu usiku. Je, kutoka mlangoni kwenu kila mmoja anafika anakokwenda kwa dakika ngapi, kwa miguu au kwa basi, na njia ina taa? Nasema kwa miguu au basi kwa sababu msitegemee gari mwanzoni. Leseni ya Tanzania itawaruhusu kuendesha miezi 12 tu tangu mlipoanza kuishi kule, baada ya hapo ni mtihani wao, na bima ya mgeni ni ghali.

Tuanze na London. Kwa mtu wa netiboli London ni pepo. London Pulse, moja ya timu za ligi kuu, huchezea Copper Box Arena upande wa mashariki, na ligi za mitaa zimejaa kila kona. Mabwawa yapo. Na mumeo anakosea kusema hakuna pa kukimbilia: Richmond Park peke yake ina zaidi ya hekta 900, ina kulungu, na wakimbiaji wanaopita humo kila asubuhi hawagusi lami. Mbio za parkrun, ambazo nitazieleza, zilianzia London. Ugumu ni kwamba vitu vya London haviko mahali pamoja. Kwa mshahara wako hamtapanga Richmond. Mtapanga Croydon au Barking au mbali zaidi, hospitali iwe upande mwingine, netiboli upande wa tatu, na kila safari ni saa nzima. Ndugu zako watakwambia umezoea foleni za Arusha. Sikatai. Lakini zamu ya saa 12, ukiongeza saa mbili za treni, hukuachia nguvu za kurusha mpira kwenye pete. Nimeona wachezaji wazuri wakiacha mchezo bila kuamua kuuacha. Waliruka wiki moja kwa uchovu, wakaruka ya pili, na jina likafutwa kwenye orodha ya timu.

Edinburgh namwelewa mumeo. Katikati ya jiji kuna Holyrood Park yenye kilima cha Arthur's Seat, mita 251, unapanda wakati wa chakula cha mchana na kurudi kazini. Kusini kuna vilima vya Pentland. Na Scotland ina sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita kwa ustaarabu katika ardhi karibu yote, iwe ya serikali au ya mtu binafsi. England mkimbiaji anabanwa zaidi, anafuata njia zilizotambuliwa kisheria na maeneo yaliyofunguliwa kwa umma. Kwa mtu wa mbio za nyika hilo ni jambo kubwa. Bwawa la Royal Commonwealth Pool lipo tangu 1970, lina mita 50, utajifunza kuogelea hadi uchoke. Ningewaambia nendeni, ila huna barua ya Edinburgh. Una matumaini ya Edinburgh. Barua mbili zilizoko mkononi zina tarehe za mwisho, na muuguzi aliyeacha barua akisubiri nyingine anaweza kukosa zote. Ikija kabla ya tarehe, ihesabuni upya pamoja na lile giza.

Sheffield hiyo inayoitwa kijiji ina watu zaidi ya laki tano. Imejengwa juu ya vilima, na takribani theluthi moja ya eneo la jiji imo ndani ya Peak District, hifadhi ya kwanza ya taifa ya Uingereza, iliyotangazwa 1951. Mumeo atafurahi pia kujua habari hii. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1979. Aliyeivunja, Sebastian Coe, alikulia Sheffield na kufanyia mazoezi kwenye vilima hivyo hivyo. Jessica Ennis-Hill, bingwa wa Olimpiki wa michezo saba mwaka 2012, ni mzaliwa wa huko. Sidhani kama ni mji wa kumkosesha mkimbiaji pa kukimbilia.

Ukiuangalia kwa Jumanne ya Januari unajitetea vizuri pia. Mwaka 1991 jiji liliandaa Michezo ya Dunia ya Wanafunzi wa vyuo vikuu, likajenga bwawa la Ponds Forge, mita 50, katikati ya mji karibu na stesheni. Upande wa mashariki, kunakofika tramu, kuna ukumbi wa English Institute of Sport wenye njia ya mbio ya ndani ya mita 200, mahali ambapo giza na barafu haviingii. Na umbali kati ya vitu hivi ni wa mji wa kawaida, dakika 20, dakika 30.

Hapa kuna swali moja la kumuuliza mwajiri wa Sheffield kwa barua pepe kabla ya kusaini, na watu husahau kuliuliza: wodi yangu iko jengo gani? Hospitali kubwa za watu wazima ni mbili, Northern General upande wa kaskazini na Royal Hallamshire upande wa magharibi, na ziko chini ya mwajiri mmoja. Zimetenganishwa na mji mzima. Ukipangiwa Royal Hallamshire, tafuteni chumba Crookes, Walkley au Broomhill. Utakwenda kazini kwa miguu, ukipanda na kushuka miteremko ambayo itakupa mapaja mapya. Mumeo atafika Endcliffe Park, na kutoka pale kuna njia inayofuata kijito cha Porter, inapanda kupitia Forge Dam hadi Ringinglow, ambako nyumba zinakwisha na nyika inaanza. Njia hiyo haina taa, kwa hiyo ni ya wikiendi. Siku za kazi akimbie barabara za mtaani zenye taa, kwa vile vilima viko hata huko. Ukipangiwa Northern General, angalieni Hillsborough, kuna bustani kubwa na tramu ya kwenda mjini.

Netiboli. Sheffield haina timu kwenye ligi kuu, walio karibu ni Leeds Rhinos na timu ya Nottingham, na kama ulikuwa na ndoto ya kufika huko ukiwa na miaka 31 na zamu za usiku, tuzungumze siku nyingine. Lakini chini ya ligi kuu mchezo umeenea sana, hasa tangu England ilipoifunga Australia 52-51 katika fainali ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018. Chama chao, England Netball, kina mpango unaoitwa Back to Netball kwa wanawake waliowahi kucheza wakaacha. Anzia hapo hata kama wewe hukuacha. Utajifunza waamuzi wao wanavyopiga filimbi, utapata namba za simu za wenzako, na ndani ya mwezi timu yenye upungufu wa mfungaji itakuwa imekusikia. Wafungaji warefu hutafutwa kila mahali duniani. Jiandae tu kwamba mechi nyingi huchezwa nje, usiku, chini ya taa, na vidole vitauma.

Zamu ndiyo itakayokupa shida. Tangu Aprili 2024 mfanyakazi katika England, Scotland na Wales ana haki ya kuomba mpangilio tofauti wa kazi kuanzia siku yake ya kwanza. Mwajiri anaweza kukataa akitoa sababu zinazokubalika kisheria. Usiende kwa dada mkuu wa wodi wiki ya kwanza kuomba usipangiwe Jumanne zote. Subiri ufaulu mtihani wako wa vitendo, uonekane unafika kwa wakati, halafu omba Jumanne mbili kwa mwezi. Mbili zinatosha kubaki kwenye timu.

Mumeo yeye aanze na parkrun. Ni mbio za kilomita 5, bure, kila Jumamosi asubuhi, saa tatu kamili England na saa tatu na nusu Scotland. Zilianza tarehe 2 Oktoba 2004 katika Bushy Park, London, zikiwa na wakimbiaji 13, na leo ziko katika nchi nyingi. Unajiandikisha mara moja kwa intaneti, unachapisha msimbo wako, unafika. Sheffield ziko Endcliffe, Hillsborough, Graves Park na kwingineko. Atakuta akina mama wenye vigari vya watoto, wazee wa miaka 70, na vijana wawili watatu wenye kasi. Baada ya mbio watu hunywa chai, na hapo ndipo atakapoulizwa anatoka wapi na ana klabu gani. Klabu nyingi za kule hufanya mazoezi Jumanne na Alhamisi jioni, na kipupwe chote kuna mashindano ya mbio za nyika kwenye matope yanayofika vifundoni. Yeye anatoka mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, wiki za mwanzo ataona kama amepewa mapafu mengine. Asiwaonyeshe wenzake ubabe siku ya kwanza. Wala asianze kuwarekebisha namna wanavyorusha mikono. Najua makocha.

Kwa hiyo jibu langu ni Sheffield, na ningelitoa hata kama mumeo angekuwa anaitaka London. Kati yenu wawili, wewe una kazi inayokusubiri, sare, wenzako wa wodi na mshahara tangu mwezi wa kwanza. Yeye ana mbio tu. Mkitafuta mahali, pimeni kwanza kwa yule mwenye vitu vichache, halafu hakikisheni mwingine hakosi chake. Katika miji yako mitatu, Sheffield ndiyo inayompa yeye vilima bila kukunyang'anya wewe pete, na barua yake unayo mkononi. Ndugu zako wa London watakuja kuwatembelea, treni ni kama saa mbili. Wakija wapandisheni Crookes kwa miguu, waulizeni tena kuhusu kijiji.

Jambo la kimya mezani. Msimalize mjadala huu kwa yeye kusema “sawa, nimekubali” akitazama simu. Mpe barua zote mbili azisome, mpe na kanuni za viza azisome mwenyewe, halafu mwache siku tatu. Kama atasema hawezi kuacha ukocha, hilo ni jibu halali pia. Mnaweza kukubaliana utangulie wewe miezi sita, yeye amalize msimu na vijana wake, atafute wa kumwachia timu, ndipo afuate. Wapo wanandoa walioshindwa kwa kutengana hivyo, na wapo walioshindwa kwa kufuatana huku mmoja hajakubali. Mkifuatana, wekeni tarehe kabisa, miezi 12 baada ya kufika, siku ya kukaa na kuulizana kama tunabaki au la, na ikifika msiipishe. Mama mkwe mwachie mumeo aongee naye. Neno “mwosha wazee” likitoka kwako halitamtoka moyoni, likitoka kwa mwanawe litakuwa mazungumzo ya mama na mtoto.

Muuguzi unajua kuhusu vitamini D, lakini nitaisema kwa ajili ya wasomaji wengine wanaojiandaa kusafiri: huduma ya afya ya kule inashauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku wakati wa vuli na kipupwe, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima, kwa sababu jua lao halitutoshi. Mkimbiaji wa gizani asidhani kukimbia nje kunamtosheleza.

Vifaa. Viatu vyako vya netiboli beba, vimekwisha shika umbo la mguu wako. Mumeo abebe jozi mbili za viatu vya barabarani, avae moja ndani ya ndege. Viatu vya matope asitafute hapa, vile vyenye meno marefu ya mpira kwa ajili ya nyika za kule atavipata kwenye duka lolote la wakimbiaji la Sheffield, na wauzaji wenyewe ni wakimbiaji, watamwambia ukweli. Taa ya kufunga kichwani, glavu na koti linaloakisi mwanga nunueni wiki ya kwanza, kabla hata ya televisheni. Tafuteni kwanza kwenye maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani, yako karibu kila mtaa, na nguo za michezo ambazo mtu alizinunua Januari kwa nia njema akazivaa mara mbili hujaa humo kuanzia Machi.